Kuku wa Nchi ya Sakitu: Mwongozo wa Kuchagua Mbegu ya Kufuga Uani Kwenye Baridi

Mwaka wangu wa kwanza kufuga Makete nilizika vifaranga 19 kati ya 30 ndani ya wiki tatu, na sikuwa na wa kumlaumu ila mimi mwenyewe. Nilikuwa nimehamia kutoka Morogoro, ambako kuku kishingo alinikaa moyoni: anavumilia jua, anakua vizuri, nyama yake tamu. Nikapanda nao basi mwezi Mei. Juni ilipoingia, sakitu ikaanza kutanda kwenye majani ya viazi alfajiri, na vifaranga wangu wakawa wanalala kwa kurundikana. Kila nikifungua banda nakuta wa chini wamekufa kwa kukandamizwa na wenzao. Jirani yangu, mama wa Kikinga aliyelelewa na kuku tangu utoto, alikuja akamnyanyua mmoja, akapitisha kidole kwenye ile shingo tupu, akaniuliza: "Mwanangu, huyu umemvua koti ndiyo ukamleta huku?"

Tangu siku hiyo siulizi tena jina la mbegu kabla sijaangalia koti. Ninayoandika hapa ni kwa mtu mwenye kuku watano hadi arobaini uani, anayeishi Makete, Njombe, Mufindi, Uyole, Lushoto au Mbulu, na hata Limuru, Kinangop na Molo kwa majirani zetu wa Kenya. Mfugaji wa kuku elfu mbili ana hesabu zake nyingine.

Hatua ya 1: Ijue baridi yako

Watu husema "kwetu baridi" kana kwamba baridi ni moja. Kitulo, juu ya mita 2,500, asubuhi ya Julai nyasi huwa nyeupe kwa sakitu, lakini ikifika saa nne jua limewaka na hewa ni kavu. Nenda upande wa Rungwe: joto liko juu kidogo, ila mvua na ukungu haviishi. Njombe mjini, karibu na mita 2,000, huonja vyote viwili kwa zamu, na katikati ya mwaka yale manyunyu yake hunyesha siku nzima bila kulowesha shamba vizuri wala kukuruhusu kuanika nguo.

Mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 hivi, juu kuliko letu. Kuku mkubwa hujisikia vizuri hewa ikiwa kati ya nyuzi 18 na 24. Ikishuka hapo anajitutumua, yaani anasimamisha manyoya ili hewa ikae katikati na kumfunika kama blanketi. Kwa ujanja huo kuku mkavu mwenye manyoya mazito anastahimili hata chini ya sifuri. Manyoya yakilowa, blanketi halipo tena, na kuku aliyelowa kwenye upepo wa nyuzi 10 yuko hatarini kuliko mkavu kwenye sakitu.

Kwa hiyo nunua kipimajoto cha bei ndogo, kitundike bandani kwa urefu wa kuku, ukisome saa kumi na moja alfajiri kwa wiki moja. Andika. Halafu jibu maswali mawili: je, banda lako na uwanja wako hulowa? Na upepo unatoka wapi? Majibu hayo ndiyo yatakayokuongoza kupanga kundi lako katika hatua ya 6 na banda lako katika hatua ya 7.

Jambo moja wasomao miongozo ya Ulaya huchanganyikiwa nalo: wenzetu wa huko kuku huacha kutaga majira ya baridi hasa kwa sababu mchana unakuwa mfupi mno. Sisi tuko nyuzi 9 hivi kusini mwa ikweta, na mchana wa Juni unapungua kwa saa moja hivi tu ukilinganisha na Desemba. Mayai yakipungua Juni kwetu, chunguza kwanza chakula, unyevu na kubadilisha manyoya kabla hujakimbilia kununua taa.

Hatua ya 2: Msome kuku mwilini

Hii ndiyo hatua ninayokuomba usiiruke. Muuzaji anaweza kumwita kuku jina lolote, na chotara wa vijijini hana jina kabisa. Mwili haudanganyi.

Anza na shingo na kifua. Kuku kishingo ana chembe ya urithi inayompunguzia manyoya si shingoni tu bali mwili mzima, na akiwa nayo kutoka kwa wazazi wote wawili anaweza kukosa hata asilimia 40 ya manyoya ya kawaida. Huko Dodoma na pwani hiyo ni baraka, maana joto linatoka upesi. Huku kwetu joto hilohilo ndilo unalolinunua kwa pumba. Kuku kidimu, yule mwenye manyoya yaliyojikunja kwa nje kama aliyepigwa na upepo wa nyuma, naye vilevile: manyoya hayalali, hewa ya moto haikai.

Kisha upanga wa kichwani na zile ndevu za nyama zinazoning'inia chini ya mdomo. Ni nyama tupu iliyojaa damu, haina unyoya, kwa hiyo joto linapotea hapo. Upanga mrefu uliosimama wenye meno kama msumeno unapoteza joto kuliko upanga mdogo uliolala kichwani kama tuta. Katika nchi za theluji upanga mrefu huganda, ncha zake zikawa nyeusi na kukatika. Huku kwetu, miaka yote niliyofuga, sijaona hilo hata mara moja, kwa sababu sakitu yetu hukaa saa chache tu ikayeyuka. Ndiyo maana upanga nauweka nyuma ya manyoya. Ukikutana na kuku mwenye upanga mkubwa na manyoya mazito, mchukue. Mwenye upanga mdogo na kifua kilicho wazi, mwache.

Umbo. Kuku mnene, mpana, mwenye miguu ya wastani hupoteza joto kidogo kuliko mrefu mwembamba wa uzito uleule. Ni sababu ileile inayofanya chungu cha mviringo kichelewe kupoa kuliko sinia.

Miguu yenye manyoya huwavutia wengi, wakidhani ni soksi. Kwenye theluji kavu labda. Kwenye tope letu la Desemba hadi Aprili manyoya hayo hushika udongo na kinyesi, hukauka yakawa donge, na kuku hukaa na miguu mibichi usiku kucha.

Sasa nikuonyeshe ninavyofanya siku ya mnada. Naenda mapema, kabla jua halijawapasha kuku moto, kwa sababu saa tano kuku wote huonekana wazima. Natazama kwanza tenga lote kwa mbali: nani anaparua na kugombania punje, na nani amejikunyata macho yamefumba. Aliyejikunyata simgusi, wala mwenzake wa tenga hilo hata awe mzuri, maana tenga ni moja na ugonjwa ni mmoja. Nikimpenda mmoja namshika, mabawa yakiwa yamebanwa, na napuliza kifuani kwake kinyume na manyoya. Kuku wa baridi ukimpuliza unaona manyoya laini ya kijivu au meupe ya ndani, mengi, na ngozi huioni kirahisi. Ukiona ngozi nyekundu sehemu kubwa, subiri: huenda ana uchache wa asili, au huenda anabadilisha manyoya. Tofauti iko kwenye vidole. Anayebadilisha manyoya ana vijiti vigumu vinavyochomoza kama miiba, hivyo ni manyoya mapya. Huyo ni mzima, ila usimnunue Mei, hatawahi kumaliza kushona koti lake. Mwisho napapasa mfupa wa kidari. Ukiwa mkali kama kisu, kuku amekonda na hana akiba ya kuchoma usiku.

Hatua ya 3: Mbegu moja baada ya nyingine

Black Australorp, ambaye wafugaji wengi Tanzania wanamwita kuku wa Malawi, ndiye ninayeanza naye kwa mtu yeyote aliye kwenye baridi. Aliendelezwa Australia kutoka kwa Orpington wa Kiingereza, na serikali ya Malawi ilimsambaza kwa wakulima wake miaka mingi, ndipo jina likavuka mpaka. Ni mweusi mwenye mng'ao wa kijani, mwili mnene, manyoya yamejaa. Kwa mayai ana historia yake: msimu wa 1922 na 1923 huko Australia mitetea sita walitaga mayai 1,857 kwa siku 365. Usitegemee hayo kwa pumba na mabaki ya jikoni, ila mayai 150 na zaidi kwa mwaka uani, akilishwa vizuri, si ndoto. Kasoro yake ni upanga uliosimama, na kwamba wengi wao hawapendi kuatamia kama kienyeji. Na jihadhari: si kila kuku mweusi ni Malawi. Australorp wa kweli ana miguu myeusi au ya kijivu cheusi, na nyayo nyeupe chini.

Rhode Island Red ni mwekundu wa kahawia iliyokolea, mgumu, si mchaguzi wa chakula. Alitoka jimbo dogo la Marekani lenye majira ya baridi kali, na damu yake imo ndani ya chotara wengi wekundu unaowaona mitaani. Ukipata aliye karibu na asili yake, ni wa pili kwangu. Vifaranga wake wa kiume huchelewa kuota manyoya mgongoni, kwa hiyo waache kwenye joto wiki moja zaidi.

Kuroiler na Sasso ndio waliojaa sokoni leo. Kuroiler alitengenezwa India, Sasso Ufaransa, na wote wawili walijaribiwa Tanzania kwenye mikono ya wafugaji wadogo kupitia mradi wa ACGG ulioongozwa na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo. Wanakua upesi, jogoo anafika kilo mbili na nusu hadi tatu kabla kienyeji hajafika moja na nusu. Wanafaa huku kwa masharti mawili. La kwanza, wanakula sana, na baridi inawaongezea njaa. La pili linahusu Sasso: baadhi ya aina zake zina shingo tupu. Ukiagiza, sema wazi kwamba unataka wenye shingo iliyofunikwa, na boksi likifika fungua uangalie kabla hujalipa salio.

Kienyeji wa hukuhuku milimani. Mayai yake ni machache, 40 hadi 60 kwa mwaka katika mizao mitatu au minne, na mwili wake ni mdogo. Lakini bibi yake na bibi wa bibi yake waliokoka Juni zote hizi bila taa wala chanjo, na waliokuwa na koti jepesi hawakuacha watoto. Anaatamia, anatotoa, anafunika vifaranga wake kwa mbawa zake mwenyewe bila wewe kununua mkaa. Kwangu banda lisilo na mitetea wawili watatu wa namna hii lina upungufu, hata kama mayai yao hayajazi trei.

Kuchi nampa aya yake kwa sababu ndiye anayewapotosha watu. Ni mrefu, ana shingo ndefu, jogoo wake mzito na bei yake mjini inatamanisha. Upanga wake ni mdogo umelala kichwani, kwa hiyo aliyesoma kidogo kuhusu baridi husema huyu ndiye. Mpulize kifuani. Manyoya machache na mafupi yaliyobana, kidari wazi, miguu mirefu kama korongo. Ni kuku wa joto mwenye kofia ya baridi. Nimemfuga jogoo mmoja kwa tamaa, Juni na Julai alikuwa anasimama juani ukutani hadi saa tano hajaanza kula.

Kuku wa mayai wa kisasa wale wa kahawia hustahimili baridi ya kawaida kuliko watu wanavyodhani, ila ni wembamba, upanga wao mkubwa, na mwili wao unatoa kila kitu kwenye yai. Chakula kikiyumba wiki moja tu, wanasimama kutaga. Uani, kwa mtu anayepika pumba yake mwenyewe, siwashauri.

Broila uwe na tahadhari naye zaidi ya wote, na hili wauzaji wa vifaranga hawalisemi. Juu milimani hewa ni nyepesi. Broila anakua mbio kuliko moyo na mapafu yake yanavyoweza kumhudumia, na baridi inamdai hewa nyingi zaidi ya kuunguza chakula. Moyo unashindwa, maji yanajaa tumboni, anakufa amevimba wiki ya nne au ya tano, wakati ndiyo unahesabu faida. Mfugaji wa Njombe akipoteza broila wenye tumbo la maji, mara nyingi hutafuta dawa. Dawa haipo. Kuna kupunguza mbio za ukuaji kwa kuwanyima chakula saa chache kwa siku kuanzia wiki ya pili, na kuna kuwapa joto la kutosha. Au kuna kufuga Kuroiler.

Brahma na Silkie, wale wa mapambo: Brahma ni mkubwa, koti lake zito, upanga wake mdogo, kasoro ni ile miguu ya manyoya kwenye tope. Silkie ana manyoya kama pamba ambayo hayazuii maji hata kidogo, na akinyeshewa anakuwa kitambaa kibichi.

Kwa Mswahili aliye Minnesota, Kanada au Norwe, hesabu inageuka. Huko upanga ndio wa kwanza, kwa sababu unaganda kweli. Tafuta Wyandotte, ambaye upanga wake umelala kama waridi, Buckeye wa Ohio, au Chantecler. Huyu Chantecler alitengenezwa Quebec na mtawa, Bruda Wilfrid Chatelain, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1908 akikusudia kuku ambaye karibu hana upanga wala ndevu, awezaye kutaga kwenye baridi ya Kanada. Akipatikana, usiangalie pengine. Na huko, tofauti na huku, taa ya kurefusha mchana ina maana.

Hatua ya 4: Uliza wazazi walikulia wapi

Kabla ya kulipa, uliza swali hili: mayai yaliyotoa vifaranga hawa yametagwa wapi? Kuna sababu mbili za kuuliza. Yai lililotoka bondeni likianguliwa mlimani hutotoa kwa shida, maana hewa nyepesi hukausha yai upesi kupitia ganda na kukinyima kiumbe kilicho ndani hewa. Mayai ya kuku walioishi mlimani vizazi kadhaa hutotoa vizuri zaidi. Kwa hiyo ukitaka kuangua mwenyewe, nunua mayai ya majirani wa mwinuko wako, usiagize trei kutoka Dar es Salaam.

Sababu ya pili ni ile ya mama jirani: koti. Mbegu ileile ya Australorp, iliyofugwa Uyole au Njombe kwa miaka minne mitano na kuchaguliwa, si sawa na iliyofika jana kutoka pwani. Ukiweza kupata vifaranga waliokwisha kupita kinengunengu (mahali pa kulelea vifaranga kwa joto), wa wiki sita hadi nane, waliolelewa katika baridi kama yako, lipa tofauti ya bei bila kunung'unika.

Wakubwa unaowaleta kutoka mnadani watenge wiki mbili mbali na wako, na uhakikishe chanjo ya mdondo (kideri). Ile ya I-2 ya kudondosha jichoni hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kuku aliyechaguliwa vizuri akileta mdondo uani, uchaguzi wako haukusaidii.

Hatua ya 5: Chagua mwezi

Kosa langu la Mei lilikuwa baya kuliko kosa langu la kishingo. Kifaranga wa siku moja ana vumbi la manyoya tu. Koti kamili analipata kati ya wiki ya sita na ya nane. Sasa hesabu nyuma kutoka kwenye baridi.

Mwezi mzuri kuliko yote huku ni Septemba. Baridi imelegea, mvua hazijaanza, na Novemba zinapokuja wana manyoya. Ikifika Juni ni mitetea waliokomaa, wanataga, wana akiba mwilini. Chaguo la pili ni Januari au Februari, kama banda lako halivuji. Kuanzia Aprili hadi Julai usilete kifaranga kutoka mbali hata kama unapewa bure.

Kifaranga anaweza kusafiri siku mbili bila kula kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni. Kinachomuua ni saa moja ya kukaa stendi usiku, boksi likiwa chini kwenye saruji. Mabasi mengi kutoka Dar es Salaam hufika kwetu giza limeingia. Uwe pale kabla ya basi, na blanketi, na dumu la maji ya moto lililofungwa kitenge. Nyumbani kinengunengu kiwe kimeshapata moto tangu mchana: nyuzi 33 hadi 35 wiki ya kwanza, ukipunguza nyuzi mbili au tatu kila wiki. Wenzetu wa joto huacha kuwasha wiki ya tatu au ya nne. Huku fika wiki ya sita, na usiku wa sakitu hata ya saba.

Kuhusu jiko la mkaa: liwashe nje mpaka moshi uishe na mkaa uwe mwekundu wote, funika kwa majivu au uweke kwenye chungu, na acha nafasi ya hewa kutoka juu. Gesi ya mkaa haina harufu, inaua vifaranga kimya na inaweza kumuua anayelala chumba hichohicho kuwalinda. Usilale humo.

Hatua ya 6: Panga kundi lako

Kwa familia yenye uwanja mdogo, mtu akiniuliza namwambia kuku 12: jogoo mmoja wa Australorp, mitetea saba ya Australorp au Rhode Island Red, mitetea mitatu ya kienyeji cha mlimani kwa kuatamia, na nafasi moja ya yule unayempenda bila sababu. Mimi nafasi hiyo huenda kwa kuku wa madoadoa.

Kama uwanja wako ni wa mvua na ukungu kuliko sakitu, punguza uzito: mtetea wa kienyeji hukauka upesi kuliko Australorp aliyelowa koti lote, kwa hiyo nusu kwa nusu. Kama ni wa sakitu kavu na upepo, ongeza wazito.

Jogoo chagua kwa ukali zaidi kuliko mitetea, kwa sababu koti lake litaonekana kwa kila kifaranga. Jogoo wa kishingo mmoja aliyeingia uani kwa bahati mbaya atakuachia vifaranga wenye shingo tupu kizazi hicho hicho.

Weka na bajeti ya chakula kabla ya kuamua idadi. Mtetea mkubwa hula gramu 120 hivi kwa siku hewa ikiwa nzuri. Kwa kila nyuzi moja inayoshuka chini ya 20, ongeza asilimia moja hadi moja na nusu. Wastani wa siku ukiwa nyuzi 12, ni kama gramu 130 hadi 135. Kwa kuku 12 ni kilo moja na gramu 600 kwa siku, karibu kilo 48 kwa mwezi. Kama hizo hununui, punguza kuku, usipunguze chakula. Jioni kabla hawajapanda kulala wape konzi ya mahindi yaliyoparazwa au ngano. Tumbo likisaga nafaka usiku, mwili unapata moto.

Hatua ya 7: Banda lisimwangushe uliyemchagua

Nitakuwa mfupi, banda lina mwongozo wake. Juni jua letu hupita upande wa kaskazini, na upepo wa kusi hutoka kusini mashariki. Kwa hiyo ziba kusini na mashariki kwa mabanzi au tofali, uso wa banda utazame kaskazini. Usizibe kila mahali. Kuku hupumua maji mengi na kinyesi chake hutoa ile hewa inayochoma macho, na banda lililozibwa kwa viroba hadi juu huamka likiwa limelowa jasho. Acha uwazi wa kiganja kimoja chini ya paa, wenye wavu, juu ya vichwa vya kuku. Ukiingia alfajiri na macho yakakuwasha, au ukaona matone kwenye bati, ongeza uwazi hata kama roho inakuuma kwa baridi.

Fito za kulalia ziwe bapa, mbao ya mbili kwa nne iliyolazwa, ili kuku akikaa manyoya ya kifua yafunike vidole vyote. Chini tandika maranda makavu unene wa sentimita 10 au zaidi. Sisi wa nchi ya mipaini maranda hatuna kisingizio cha kuyakosa.

Hatua ya 8: Juni ndiyo mtihani

Mbegu nzuri kuliko zote utaitengeneza mwenyewe uani. Mwezi Juni na Julai, chukua daftari. Andika nani anateremka kwanza kwenye fito asubuhi na kwenda kuparua kwenye sakitu, nani anangoja jua, nani ameendelea kutaga, nani amepata mafua. Wale wa kwanza wafunge uzi mwekundu mguuni. Huhitaji elimu kubwa, unahitaji kuamka mapema.

Mama jirani hafungi uzi, anawajua kwa sura. Mwaka wa pili alinipa mtetea mmoja wa kahawia, mfupi, mwenye shingo nene kama amevaa skafu, akasema huyu muweke na jogoo wako mweusi. Watoto wake ndio nusu ya kundi nililonalo. Agosti ikiisha nakusanya mayai ya wenye uzi tu, nayaweka kwenye trei ndani ya nyumba ncha ikitazama chini, siku zisizidi saba, na mtetea wa kienyeji akianza kunguruma kwenye kiota namwekea 12 usiku.